Kufunga chuma cha kuvutia trela na umeme wake kwenye gari lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi hii naweza kuifanya mwenyewe, au nimpelekee fundi?

Kama umewahi kubadilisha pedi za breki na gari likasimama salama, upande wa chuma utauweza. Ni bolti, nati, jeki na mtu wa pili wa kushikilia, kwa sababu chuma chenyewe huwa na uzito wa kilo 15 hadi 30 na hakuna anayependa kulala chini ya gari akikibeba kwa kifua. Umeme ndio unaotaka utulivu. Watu wengi huogopa chuma kwa ukubwa wake, kisha umeme wanaufanya jioni wakiwa wamechoka. Wafanye kinyume chake. Chuma kikifungwa kwa bolti zake sahihi hukisikii tena, bali waya wa athi (wa kurudisha umeme betri kupitia bodi ya gari) uliofungwa juu ya rangi utakurudisha chini ya gari mara tatu.

Kwa gari la kisasa lenye kompyuta nyingi kuna njia ya katikati inayofaa wengi: funga chuma na upitishe nyaya mwenyewe, halafu mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari amalizie kuitambulisha trela.

Nitajuaje kama gari langu linaruhusiwa kuvuta?

Usianze na chuma, anza na bamba la mtengenezaji wa gari. Huwa limebandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Magari mengi, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, yana mistari minne ya uzito kwenye bamba hilo. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo wake. Wa pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na trela. Miwili ya mwisho ni ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Toa wa kwanza kutoka kwa wa pili. Mstari wa kwanza ukisoma kilo 1,950 na wa pili kilo 3,450, basi gari hilo likiwa limejaa linavuta kilo 1,500. Mstari wa pili ukiwa mtupu, au namba zikilingana, mtengenezaji hakuliruhusu gari hilo kuvuta kitu. Hali hiyo ipo hata kwa magari yenye nguvu tele, na utaikuta kwenye baadhi ya magari ya umeme na ya mseto. Kuvuta ni zaidi ya injini: kuna breki, upoozaji, giaboksi na chasisi ya nyuma.

Kama bamba la gari lako halina mpangilio huo, kitabu cha gari kinaeleza. Humo utakuta namba mbili, moja ya trela lenye breki zake na nyingine ya trela lisilo na breki, na hii ya pili huwa ndogo sana. Usizichanganye.

Kwenye bamba la chuma chenyewe kuna herufi D na S. Zinahusu nini?

S ni mzigo unaoruhusiwa kukandamiza tufe, yaani kichwa cha mviringo ambacho trela hukaa juu yake, kwenda chini, kwa kilo. D ni nguvu ambayo chuma kinaweza kuhimili gari na trela vikivutana na kusukumana, kwa kilonyutoni. Hesabu yake ni fupi: zidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa juu wa trela, vyote kwa tani, gawanya kwa jumla ya hizo tani, halafu zidisha kwa 9.81.

Tuseme gari ni tani 2.0 na trela tani 1.5. Ukizidisha unapata 3.0, ukigawanya kwa 3.5 unapata kama 0.857, na mara 9.81 inakuja 8.4. Basi chuma chenye D ya 8.4 kwenda juu kinafaa, na chenye D ya 7.5 hakifai hata kama kimeingia kwenye matundu yote bila shida.

Mnyonge ndiye anayeamua. Gari, chuma, tufe na trela kila kimoja kina kikomo chake, na unafuata kilicho kidogo kuliko vyote.

Huo mzigo wa kukandamiza tufe naupimaje?

Kwa mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mtu. Pakia trela kama utakavyosafiri nalo, liweke mahali tambarare, zuia magurudumu yake. Kata kipande cha mti chenye urefu wa kufanya kikombe cha trela (kile kinacholifunika tufe) kikae kwenye kimo kilekile cha tufe la gari, kisimamishe juu ya mizani na uteremshe kikombe juu yake. Soma namba.

Mzigo mdogo mno hufanya trela litikise mkia barabarani, na hicho ni kitu ambacho ukikiona mara moja kwenye kioo hukisahau. Mzigo mkubwa mno huinua pua ya gari na kupunguza mshiko wa magurudumu ya mbele. Matrela ya mtindo wa Ulaya kwa kawaida hulengwa kwenye asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela, na ya Marekani ya Kaskazini asilimia 10 hadi 15. Lakini usivuke S ya chuma wala kikomo cha gari. Ukitaka kubadilisha, sogeza mzigo mbele au nyuma ya ekseli ya trela, na kumbuka kwamba kilo hizo zinahesabiwa kuwa mzigo wa gari.

Ninunue aina gani: kisichotoka au kinachochomoka?

Kisichotoka chenye bamba bapa, ambamo tufe linafungwa kwa bolti mbili, ndicho rahisi na kigumu kuliko vyote, na tufe likiisha unabadilisha tufe tu. Chenye shingo iliyopinda kama ya bata kinapendeza zaidi na huacha nafasi nzuri ya kugeuka. Kinachochomoka kinaficha kila kitu, hakikugongi goti ukipakia buti, na hakiwachanganyi vihisi vya kuegeshea. Kwa anayevuta mara moja kwa mwezi, mimi ningelipia hicho. Ila kifungio chake kinataka usafi: vumbi na kutu vikiingia, ufunguo unagoma siku hiyohiyo unayotaka kusafiri. Ukikichomoa, kiweke ndani ya mfuko, na tundu lake livalishe kifuniko.

Fundi wa kuchomelea ananiambia atanitengenezea kwa siku moja. Nikubali?

Hapana. Namheshimu sana fundi wa kuchomelea, na huenda kazi yake ikawa nzito kuliko ya kiwandani. Uzito sio hoja. Chuma cha gari lako kimepimwa kikivutwa na kusukumwa mamilioni ya mara, na kimepangiwa kushika chasisi kwenye sehemu ambazo mtengenezaji aliziimarisha. Cha kuchomelea kinashika pale palipofikika. Isitoshe, moto wa kuchomelea unabadilisha tabia ya vyuma vigumu vya chasisi za kisasa, kwa hiyo ufa huanzia pembeni ya mshono, mahali usipopaona. Tafuta kilichotengenezwa kwa modeli na mwaka wa gari lako, chenye bamba na namba ya kuidhinishwa.

Kazi yenyewe inaanzia wapi?

Toa vitu vyote kwenye buti, pamoja na sakafu yake ya zulia na plastiki za pembeni. Magari mengi yanakutaka ushushe bampa la nyuma: kuna skrubu ndani ya matao ya magurudumu, nyingine chini, nyingine nyuma ya taa. Lipige picha kila tundu kabla ya kulegeza. Skrubu weka kwenye vikopo, kila kikopo na sehemu yake.

Bampa likitoka utakuta boriti ya chuma au alumini inayokinga mgongano. Kwenye magari mengi boriti hiyo hutolewa na mahali pake huchukuliwa na boriti ya chuma cha kuvutia. Maelekezo yakisema itolewe, itoe. Yakisema ibaki, usiibandue ati kwa kuwa inasumbua.

Raba za ekzosi huenda zikahitaji kuvuliwa ili ekzosi ishuke kidogo. Maji ya sabuni yanazivua kuliko nguvu. Mafuta ya kulainisha huwa yanaiharibu raba, na ukiyatumia utakuja kusikia ekzosi ikigonga sakafu baada ya miezi.

Halafu ndiyo hatua ambayo wengi huiruka: sehemu zote ambapo chuma kitakutana na chasisi, kwangua lami na nta ya kinga hadi ubaki na rangi. Tabaka hilo laini likibaki katikati, bolti inakazwa vizuri leo, kesho tabaka limeminyika na bolti imelegea bila kuzunguka hata robo.

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Usikaze yoyote hadi zote zimeingia na chuma kimekaa katikati.

Lazima nitoboe chasisi?

Magari mengi tayari yana matundu, mara nyingine yenye nati zilizochomelewa kwa ndani, yamefunikwa kwa kizibo cha plastiki au kwa lami. Pitapita na bisibisi ukiyagonga kwa upole kabla ya kutafuta drili. Ikibidi kutoboa, anza na tundu dogo, ongeza polepole, na hakikisha upande wa pili hakuna bomba la mafuta, waya wala bomba la breki. Pale ambapo bolti inapita kwenye boksi tupu la chasisi, seti nzuri huja na vibomba vya kuweka ndani. Usiviache kwenye boksi la kadibodi. Bila hivyo unakaza kuta mbili zinazosogeleana. Tundu ulilotoboa lipigwe tupa kingo zake, lipakwe rangi ya zinki, na mwisho nta ya kuzuia kutu. Vumbi la chuma lifagie lote, maana likilala ndani ya chasisi litaota kutu kabla ya kitu kingine chochote.

Bolti zikazwe kiasi gani?

Kama karatasi ya seti yako inavyosema, kwa spana ya kupimia nguvu. Mkono wa mtu hauwezi kukisia hili. Bolti za tufe lenye bamba bapa, ambazo mara nyingi ni M16, hukazwa karibu nyutonimita 200, na hiyo ni nguvu ya mtu mzima kwenye spana ndefu. Tazama pia kichwa cha bolti: 8.8 au 10.9 ndiyo daraja lake. Bolti iliyopotea haibadilishwi na yoyote inayoingia.

Baada ya kuvuta kwa kilomita kama 1,000, kagua tena kwa spana ileile. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, na siku nyingine utajua kwa macho tu kama imezunguka.

Tufe la milimita 50 na la inchi 2 si yaleyale?

Si yaleyale. Inchi 2 ni milimita 50.8. Kikombe cha milimita 50 kwenye tufe la inchi 2 hakishuki hadi mwisho au kinakwama. Kikombe cha inchi 2 kwenye tufe la 50 kinafunga, unaondoka ukiwa na furaha, na kinacheza. Marekani ya Kaskazini wanatumia pia inchi 1⅞ na 2 5⁄16. Namba imepigwa muhuri juu ya tufe na juu ya kikombe, zisome zote mbili.

Kimo nacho kina kanuni kwa mtindo wa Ulaya: katikati ya tufe iwe milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo.

Soketi ya pini 7 au ya 13?

Kwa trela dogo la mizigo, pini 7 zinatosha: zinawasha taa za barabarani, basi. Pini 13 zinaongeza taa ya riversi, umeme wa kudumu na umeme unaokuja injini ikiwaka, kwa ajili ya nyumba ya kuvutwa yenye friji na betri yake. Ningefunga ya 13 hata kama leo una trela la mbao, kwa kuwa kipunguzio cha kutoka 13 kwenda 7 ni kidogo kama ngumi, na hutarudi tena kupitisha nyaya.

Kila pini ni ya nini?

Kwa mfumo wa kimataifa wa volti 12, pini 7 za kwanza hufanya kazi hizi kwenye soketi zote mbili, na rangi za kawaida za nyaya ni hizi:

- 1: indiketa ya kushoto, njano
- 2: taa ya ukungu ya nyuma, bluu
- 3: athi, nyeupe
- 4: indiketa ya kulia, kijani
- 5: taa ndogo ya kulia, kahawia
- 6: taa za breki, nyekundu
- 7: taa ndogo ya kushoto, nyeusi

Kwenye ya pini 13, namba 8 ni riversi, 9 ni umeme wa kudumu, 10 ni umeme wa injini ikiwaka. Athi ya 9 iko kwenye 13, na athi ya 10 iko kwenye 11. Usiziunganishe athi hizo ndani ya trela ukidhani unarahisisha mambo, zimetenganishwa makusudi.

Fuata namba iliyo nyuma ya soketi kuliko rangi. Mtu aliyekutangulia kwenye trela hilo huenda alitumia waya aliokuwa nao. Na ukipata trela lililotengenezwa kwa Marekani ya Kaskazini lenye nyaya nne tu, humo breki na indiketa zinatumia balbu moja, kwa hiyo unahitaji kibadilishi cha ishara. Kuunganisha rangi kwa rangi hakutakufikisha popote.

Naweza kuchukua umeme moja kwa moja kwenye nyaya za taa za nyuma?

Kwa gari la zamani, lisilo na kompyuta ya taa, inafanya kazi, ingawa unaongezea swichi na fyuzi mzigo usio wao. Balbu moja ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75; breki mbili za trela zinaongeza ampea 3.5 kwenye waya mwembamba.

Njia bora ni rilei ya kupitisha. Inachukua ishara tu kutoka kwenye taa ya gari, kiasi kidogo sana, na umeme wa kuwasha taa za trela inauvuta kutoka kwenye betri kwa waya wake wenyewe na fyuzi yake. Fyuzi hiyo ikae karibu na betri. Ikikaa kwenye buti, waya wote wa katikati hauna kinga, na ukichubuka unawaka moto.

Gari langu lina kompyuta. Kidhibiti, yaani kisanduku cha kuwasha taa za trela, kiwe cha jumla au cha modeli yangu?

Magari mengi ya sasa hutuma umeme wa taa kwa mapigo ya haraka na kupima kila balbu kama ni nzima. Ukidonoa waya hapo, dashibodi inakuonya balbu imekufa, au kompyuta inazima taa hiyo kabisa. Kidhibiti cha jumla kilichotengenezwa kwa magari ya aina hiyo kinasoma ishara bila kuisumbua, na taa zitawaka. Lakini gari halitajua kama linavuta.

Kidhibiti cha modeli yako kinaingia kwenye mtandao wa gari wenyewe. Kikitambulishwa, gari linazima vihisi vya nyuma, linazima taa yake ya ukungu ili isikumulike usoni kutoka kwenye uso wa trela, na kwenye magari yenye uwezo huo linawasha kinga ya trela kuyumba: breki zinaguswa gurudumu moja moja hadi trela litulie. Kwa hilo la mwisho peke yake ningelipa zaidi.

Nyaya nizipitishe wapi, na viungo viwe vya aina gani?

Toa kwanza kebo hasi ya betri, subiri dakika chache kompyuta zilale. Ingia ndani ya gari kupitia kizibo cha raba kilichopo, si kwa kutoboa tundu jipya kwenye bodi. Kama huna budi, tundu livalishwe raba. Acha waya ushuke kidogo nje kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke hapo chini badala ya kuufuata waya hadi kwenye buti. Kaa mbali na ekzosi.

Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya kwa meno, vitupe. Vinakata nyuzi kadhaa, vinaingiza unyevu, na baada ya msimu mmoja wa mvua unapata kijani badala ya shaba. Tumia viungo vya kubana kwa koleo lake na mfuko unaojikunja kwa joto. Unene wa waya: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa athi na kwa umeme wa betri.

Nikiwasha indiketa, taa zote za trela zinakonyeza pamoja. Nimekosea wapi?

Athi. Kabla hujafungua kitu kingine, athi.

Umeme uliokwisha kupita kwenye balbu unataka njia ya kurudi betri. Ukiikosa, unapita kinyume kwenye uzi wa balbu nyingine na kurudi kwa njia ya jirani. Ndiyo maana unakanyaga breki na taa ndogo zinafifia, au indiketa ya kushoto inapiga na ya kulia nayo inaitikia kwa unyonge.

Trela langu la kwanza lilinifanyia hivyo. Nilibadilisha balbu, nikabadilisha plagi, nikasoma michoro hadi usiku. Ajabu ni kwamba trela lilipounganishwa kwenye tufe taa zilitulia, na kwenye matuta zikaanza tena. Tufe na kikombe ndivyo vilivyokuwa athi yangu, kupitia grisi! Kulipokucha nikafungua skrubu ya athi ndani ya buti. Kijicho cha shaba kilikuwa kimekaa vizuri kabisa, kinang'aa, juu ya rangi ya kiwandani isiyo na mkwaruzo. Nilikuwa nimekifunga mwenyewe. Dakika moja ya msasa hadi chuma cheupe, kijicho kikarudi, vaselini juu yake, ikaisha.

Mita inaonyesha volti 12 lakini taa haiwaki.

Waya uliobaki na uzi mmoja mzima utaonyesha volti 12 bila shida, kwa sababu mita haivuti chochote. Pima kwa balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili. Ikiwaka kikamilifu, njia ni nzima. Ikiwaka kama mshumaa, tafuta palipooza.

Trela lina taa za LED na indiketa inakimbia mbio. Kwa nini?

Gari linadhani balbu imekufa, kwa kuwa LED inakula umeme kidogo mno. Kidhibiti kinachozitambua ndicho dawa. Vizuizi vya kuongeza mzigo vinasaidia pia, ila vinapata moto mkali. Vifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na nyaya.

Ile kamba ya chuma ya breki ya dharura inafungwa wapi?

Kwenye jicho lake, lililopo kwenye chuma cha kuvutia. Usiizungushe tu kwenye shingo ya tufe kama seti yako ina jicho, maana trela likiruka tufe, kamba nayo inaweza kuruka, na breki hazitavutwa. Iwe na ulegevu wa kukuruhusu kukata kona, lakini isiburute chini.

Tufe lipakwe grisi?

Kidogo, ndiyo. Isipokuwa kikombe cha trela lako kiwe na vile vitambaa vya msuguano vinavyozuia kuyumba: hapo tufe linatakiwa kuwa kavu na safi, hata rangi mpya iliyokuja nayo ikwanguliwe kwa msasa.

Kuna mtu wa kumjulisha?

Kampuni yako ya bima, kabla ya safari ya kwanza. Na soma sheria za nchi yako kuhusu leseni, kasi na uzito wa trela, kwa kuwa zinatofautiana sana. Trela likifunika namba ya gari au taa, namba na taa hizo zinatakiwa zionekane nyuma ya trela.

Nimemaliza. Nijaribu vipi?

Trela likiwa limeungwa, mtu mmoja nyuma, wewe kwenye usukani, injini ikiwaka. Taa ndogo, indiketa kushoto, indiketa kulia, breki, ukungu, riversi. Halafu washa mbili mbili kwa pamoja: taa ndogo na breki, breki na indiketa. Athi mbovu hujitokeza hapo, si kwenye taa moja moja. Kata kona taratibu hadi mwisho wa usukani, kila upande, huku mtu wa nyuma akitazama kama waya unavutika au unaburuta. Pandisha jeki ya mbele ya trela likiwa limefungwa: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nalo, kikombe kimeshika. Kikiachia, umekiona hapa na si kwenye mteremko.